Wahasibu na wengine mnaofanyia kazi nyumbani, naomba ushauri

Mtoto wa Ujiji
Habari zenu wakuu. Mi mhasibu wa kampuni moja ya Dar, mama anaumwa nikarudi Ujiji, mwezi wa pili huu, bosi kasema niendelee huku huku mradi mahesabu yafungwe kila mwisho wa mwezi na mpaka sasa mambo yanaenda. Sasa kuna dogo ndo kwanza kaajiriwa, naye anataka arudi kwao Kasulu afanye hivyo hivyo, bosi kaniachia mimi nimshauri. Kazi ni ile ile ila moyo unasita. Mnaonaje?

Mla Migebuka
Pole na mama, mkuu. We angalia dogo anashika nini. Kama ni kuingiza risiti za EFD, zile mashine za kodi, na kulinganisha na taarifa ya benki, hiyo hata akiwa Kibirizi juu ya boti anafanya. Ila kama ndo wa kuhesabu stoo, katoni hazihesabiki kwa WhatsApp, atakuwa anatumiwa picha na storikipa halafu anasaini asichokiona. Hapo ndo watu wanapotumbukia.

Nyuki wa Isevya
Mwangaluka wadau, mi nipo Tabora natafsiri nyaraka za mteja wa New York, kazi yenyewe haina shida, shida masaa na nyumbani. Kikao chao cha saa tatu asubuhi kwetu saa kumi jioni, wakirudisha saa nyuma mwezi wa 11 kinakuwa saa kumi na moja, muda ambao nyumba nzima imerudi. Juzi nipo kwenye kikao shangazi kaingia na ungo, "we si umekaa tu, hebu nichambulie huu mchele", sauti ikaenda mpaka Marekani 😂 Sa hivi nimepanga chumba Kanyenye cha kazi tu.

Bi Leja
Mnasahau dogo ni mgeni. Mi VAT, kodi ya ongezeko la thamani, niliijua kwa kumsikiliza mzee wa meza ya pili akibishana na wateja kwenye simu, darasani sikuambulia kitu. Huko Kasulu atamsikiliza nani?

Mtoto wa Ujiji
Bi Leja umenigusa, na Mla Migebuka naye kapatia, maana stoo anahesabu dogo pia. Nimempigia, kakubali abaki Dar mpaka tufunge mwaka. Ila kabla hajakata simu kaniuliza bando la mwezi huku natumia shilingi ngapi 😅