Mafunzo kazini chuoni: wanaohudhuria ni walewale, nianzie wapi?

Mratibu_MK: Wakuu, habari za kazi. Chuo cha ualimu, wakufunzi 34. Jumuiya ya kujifunza, yaani kikao cha wakufunzi kufundishana wao kwa wao, inakaa Ijumaa saa 10 jioni. Wanaokuja na kuongea ni wazee wa idara ya sayansi. Kuna mkufunzi kiziwi mmoja, akina mama watatu wanaonyonyesha, na vijana ambao wakishaangaliwa wakifundisha na kupewa mrejesho wa kipindi hawaonekani tena.

Chaki: Saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Msabato anawahi nyumbani kabla jua halijazama, mama anawahi mtoto. Sheria ya Ajira ya 2004 inampa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, nyie mnamwita baada ya kazi! Hamishia Jumatano saa 7 mchana, dakika 60. Iingie kwenye ratiba ya chuo, la sivyo mtu atapangiwa darasa muda huohuo.

Mikono_Miwili: Kwa kiziwi, msimtegemee mwenzake "anayejua alama kidogo". Tafuta wakalimani wawili wa Lugha ya Alama ya Tanzania, wapokezane kila dakika 20 hivi. Mmoja akichoka anaanza kuruka maneno. Wapate slaidi siku 2 kabla, maana istilahi kama "upimaji endelevu" lazima wakubaliane alama yake na mkufunzi mwenyewe. Mkalimani asisimame na dirisha mgongoni, anageuka kivuli. Mkionyesha jedwali, nyamazeni kwanza: hawezi kusoma jedwali na kutazama mikono kwa pamoja.

Mratibu_MK: Fedha ya wakalimani je?

Mikono_Miwili: Iwe kwenye makadirio kabla ya Julai. Ukisubiri tarehe ya kikao umechelewa.

Nguli wa Fomu: Vijana wanakimbizwa na fomu ya kuangalia kipindi, mkuu. Kipengele cha "lugha fasaha, alama 5" kinaishia kupima kabila la mtu. Weka safu mbili: kilichosikika, halafu athari yake. "Dakika ya 12 alitamka 'kura' kwa 'kula', wanachuo wawili wakaandika hivyo" inafanyiwa kazi. "Lafudhi nzito" ni umbea tu. Kabla ya kipindi, dakika 10, kijana achague mwenyewe cha kuangaliwa. Mrejesho faraghani ndani ya siku moja, yeye aanze kuongea. Na mwangaliaji asiwe anayejaza tathmini yake ya utendaji, maana hapo utaonyeshwa kipindi kilichofanyiwa mazoezi.