Mwenzangu ofisini ananikosoa Kiingereza mbele ya wateja, nifuate matamshi ya nani?

Binti wa Tandika
Habari za humu wakuu. Nipo mapokezi kwenye ofisi moja ya safari hapa mjini, tunawakatia wageni tiketi za boti za Zanzibar. Kuna kaka nafanya naye kazi, alikaa Marekani, kila nikifungua mdomo ananirekebisha mteja akiwa palepale. Nikisema "shedyul" (schedule, yaani ratiba) yeye "skejul". Nikitaja herufi ya mwisho "zedi" anacheka, eti ni "zii". Bosi naye kasoma Uingereza, anataka "shedyul". Juzi kuna mgeni nilimwambia apande "first boat", akasikia "fast boat". Kaja mchana, maana boti zote pale zinakimbia! Tiketi imeshapita, lawama zote kwangu. Nimfuate nani?

Mzee wa Kijiweni
Huyo kaka mpe "thelathini" aitamke, tuone kama hasemi "selasini" 😂

Ticha Mstaafu
Mwanangu, hayo ni mambo mawili tofauti. "Shedyul" na "skejul" zote sahihi. Hata Waingereza wengi wa siku hizi, hasa vijana, wanasema "skejul". "Herb" Mmarekani anaimeza h, Mwingereza anaitamka. Hapo hakuna wa kumcheka mwenzie.

Hilo la boti ndilo la kushughulikia. Sisi irabu zetu tano tu, wenzetu wana zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo "first" na "fast" zote tunazirundika kwenye "a". Ukisema "first" usipanue mdomo. Ulimi ulegee katikati, sauti uivute kidogo. Mtu wa London haitamki ile r, Mmarekani na Mskoti wanaitamka. Yoyote utakayochukua sawa, mradi isiwe "fasti". Kuhusu th, Mzee wa Kijiweni katania lakini kasema kweli: anayetamka thelathini na dhahabu vizuri sauti hizo anazo tayari, "senkyu" ni mazoea tu.

Mama Nasra
Mimi niliuza vinyago kwa wazungu miaka mingi. Kilichonitia hasara ni bei: "thirteen" na "thirty". Kiswahili mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi na Kiingereza tunakipeleka hivyohivyo, zote zinatoka "THATI". "Thirty" kaza mwanzo, "thirteen" vuta mwisho na ile n isikike. Mgeni akisita, mtajie tarakimu mojamoja, "one three", na umwandikie kwenye karatasi. Saa ya boti pia mwandikie, dada, usitegemee mdomo peke yake.

Bwana Ndondo
Hata wenyewe kwa wenyewe hawaelewani. Houston ya Texas ni "Hyuston", ila mtaa wa Houston pale New York ni "Hauston". Arkansas s ya mwisho haitamkwi, na bunge la jimbo lilipitisha azimio kuhusu hilo mwaka 1881! Sisi wa mpira jina la timu ya Leicester tumelisoma "Leisesta" weee, mpaka wakabeba ubingwa 2016 ndiyo wengi tukajua ni "Lesta".

Kijana wa Posta
Mnampoteza. Mshahara analipa bosi, aseme "shedyul" yaishe.

Ticha Mstaafu
Kwa ratiba sawa, ampe bosi anachotaka. Ila huyo kaka amwite pembeni amwambie: ukiwa na la kunisahihisha, subiri mteja atoke. Hilo si suala la Kiingereza tena.

Binti wa Tandika
Nimewaelewa, asanteni sana. Kesho namwita pembeni, na saa za boti nitawaandikia kwenye karatasi. Bwana Ndondo, kuna mgeni anatokea Gloucester, jina lenyewe naliogopa.

Bwana Ndondo
"Glosta." Hizo herufi nyingine pita nazo mbali.