Maprofesa wanaoingia bungeni: jimbo linanufaika, au chuo ndicho kinachopoteza?

Mwanauru (Moshi)

Ndugu zangu, habari za leo. Mkoa wetu wa Kilimanjaro haujakosa maprofesa bungeni. Profesa Jumanne Maghembe, mtaalamu wa misitu aliyetoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, aliliwakilisha jimbo la Mwanga kwa miaka 20, na katika kipindi hicho akapita wizara za elimu, kilimo, maji na maliasili. Katika uchaguzi wa 2020, Profesa Adolf Mkenda, mchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alishinda Rombo, naye Profesa Patrick Ndakidemi, aliyekuwa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, akashinda Moshi Vijijini. Yote hayo hali Katiba haidai usomi wa namna hiyo: Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21 na anayejua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza.

Kilichonifanya niulize ni mkutano wa kura za maoni za chama, za kumpata mgombea ubunge, niliohudhuria nikiwa mjumbe, miaka kadhaa iliyopita. Mmoja wa watia nia alikuwa mhadhiri mwandamizi, mtu ninayemheshimu mpaka leo. Dakika chache alizopewa alizimaliza karibu zote akieleza alikosomea shahada ya uzamivu na mradi alioufanya na wafadhili kuhusu magonjwa ya migomba. Mama mmoja akanyanyuka, akamwuliza kwa adabu kabisa: mfereji uliobomoka juu ya zahanati utajengwa lini, na nani? Mhadhiri akajibu kwamba suala hilo linahitaji kwanza upembuzi yakinifu. Ukumbi mzima ukaguna, na kura alizoambulia sitaki kuzitaja. Hata hivyo, jibu lake lilikuwa la kweli kuliko ahadi zote walizotoa wenzake siku ile. Sasa naomba mnisaidie: elimu ya profesa inamfaa kitu akiwa katika siasa, au tunampoteza mwalimu bila kumpata mwanasiasa?

Kijenge Juu (Arusha)

Mzee Mwanauru, nadhani kabla ya kuuliza profesa anajua nini, tuulize kwanza nani amempeleka pale. Ibara ya 55 inasema mawaziri wote watoke miongoni mwa wabunge, na Ibara ya 66 inampa Rais nafasi za kuteua wabunge wasiozidi kumi. Rais akimtaka msomi barazani, hana haja ya kumsubirisha mpaka uchaguzi. Ndivyo Profesa Sospeter Muhongo, mtaalamu wa jiolojia, alivyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2012 na kukabidhiwa Wizara ya Nishati na Madini, na ndivyo Profesa Joyce Ndalichako alivyoingia Wizara ya Elimu mwishoni mwa 2015. Wakenya nao waliwahi kufanya hivyo: Profesa George Saitoti, mwalimu wa hisabati Chuo Kikuu cha Nairobi, aliteuliwa mbunge mwaka 1983, akawa Waziri wa Fedha, na baadaye Makamu wa Rais.

Mfano wa Muhongo unafaa kutazamwa kwa makini kwa kuwa mtu huyo mmoja amepita njia zote mbili. Alijiuzulu uwaziri Januari 2015 kutokana na sakata la fedha zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow. Oktoba ya mwaka huohuo akaenda kuomba kura Musoma Vijijini, akashinda, akarudishwa wizara ileile, kisha Mei 2017 uteuzi wake ukatenguliwa wakati wa suala la makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje ya nchi. Safari hii alibaki na jimbo lake, na mwaka 2020 wananchi wakamrudisha tena. Profesa Anna Tibaijuka hali kadhalika: alipoondolewa Wizara ya Ardhi Desemba 2014, aliendelea kuwa mbunge wa Muleba Kusini. Kwa maoni yangu, profesa asiye na jimbo ni mshauri aliyepewa gari la wizara. Anaweza kuwa mshauri mzuri sana, lakini siku akitofautiana na aliyemteua, hana wananchi wa kumkingia kifua.

Kwa hiyo yule mama aliyeuliza habari za mfereji hakumwonea mhadhiri wenu. Alikuwa anampima katika jambo ambalo wateuliwa hawapimwi.

Mwanafunzi wa Tengeru (Arusha)

Shikamooni. Mimi naomba niuzungumzie upande wa chuo, maana umetajwa katika kichwa cha mada na hakuna aliyeugusa. Msimamizi wangu wa tasnifu alipata uteuzi serikalini nikiwa nimemaliza sura ya tatu. Sura hiyo ilirudi kwangu ikiwa na maoni yake ya wino mwekundu hadi katikati. Kurasa zilizofuata hazikuwa na alama yoyote. Msimamizi mpya, mtu mwema lakini wa fani ya jirani, aliniomba nibadilishe mbinu ya utafiti nianze upya. Mtaalamu wa fani adimu akiondoka, idara haimpati mwingine kwa tangazo la kazi la wiki mbili, na vijana aliokuwa akiwaandaa wamrithi ndio wanaokwama kwanza.

Mwalimu Mstaafu wa Shantytown (Moshi)

Marahaba, mwanangu, na pole. Nami niwakumbushe kwamba mji huuhuu wa Moshi umewahi kushuhudia msomi akikabidhiwa nchi. Kuanzia Machi 24 hadi 26, 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa kuunda chombo cha kuchukua nafasi ya Idi Amin, wakamchagua Profesa Yusuf Lule, aliyekuwa mkuu wa Makerere katika miaka ya 1960. Aliapishwa Aprili 13 na kuondolewa Juni 20, siku 68 tu, baada ya kuteua mawaziri bila kulishirikisha baraza la mashauriano lililoundwa Moshi. Miongoni mwa waliokuwa na sauti katika upande uliompinga alikuwamo Dani Nabudere, aliyekuwa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasomi kwa wasomi. Lule alizoea kuongoza chuo, ambako mkuu akiamua, barua inatoka. Mkutanoni Moshi walimchagua kwa kuwa hakuwa na kundi la kumwogopesha mtu yeyote, na alipotikiswa hakuwa na kundi la kumtetea.

Mkutano huohuo alihudhuria Yoweri Museveni, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifundisha kwa muda mfupi Chuo cha Ushirika hapa Moshi. Yeye alikuja na watu wake wa FRONASA, kundi lake la wapiganaji waliompinga Amin, wenye silaha. Ndugu Kijenge Juu, hapo hoja yako inapata nguvu, ingawa mimi nisingependa kundi la kumkingia mtu kifua liwe la namna hiyo.

Mfano ninaoupenda ni wa John Atta Mills wa Ghana. Alifundisha sheria Legon, yaani Chuo Kikuu cha Ghana, kwa takribani miaka 25, akawa Makamu wa Rais, akashindwa uchaguzi wa 2000 na wa 2004, na akashinda wa 2008 kwa asilimia 50.23. Huyo alikwenda kuulizwa habari za mifereji mara tatu.

Mwanauru (Moshi)

Nimewaelewa, nawashukuru. Mwalimu, nibakishe swali moja: Tume ya Jaji Warioba, ile iliyoandaa rasimu ya Katiba mpya, haikutaka kuutenganisha uwaziri na ubunge?

Kijenge Juu (Arusha)

Ilitaka. Rasimu yake ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge, na Profesa Palamagamba Kabudi alikuwa mjumbe wa Tume hiyo. Mwaka 2017 yeye mwenyewe aliteuliwa mbunge na Rais, ndipo akawa Waziri wa Katiba na Sheria, kwa sababu sheria iliyopo haikumpa njia nyingine. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015, iliahirishwa, na Ibara ya 55 ikabaki kama ilivyokuwa.