Mdogo wangu kapasuliwa kichwa kwa dharura, bado hajaamka. Nitegemee nini?

Wakuu, naombeni ushauri. Mdogo wangu wa kiume, ana miaka 26, aligongwa na gari akiwa kwenye pikipiki. Alifikishwa hospitali hajitambui, wakasema kiwango cha fahamu ni 6. Usiku uleule akaingizwa chumba cha upasuaji: damu ikatolewa, na kipande cha fuvu hawakukirudisha. Leo siku ya tatu yuko ICU, anapumulia mashine, uso umevimba hadi jicho la kushoto halionekani. Daktari anasema "tusubiri", basi. Mama kila saa ananiuliza kama mwanae atapona. Nimjibu nini?

NesiWaZamu: Pole sana mdogo wangu. Hiyo 6 ni ya kipimo cha Glasgow, kinachoanzia 3 hadi 15. Kuanzia 8 kushuka chini ni jeraha kali. Ila kutoamka kwake sasa hivi kusiwavunje moyo: kwa kawaida mgonjwa wa namna hiyo analazwa kwa dawa makusudi, presha ya ndani ya fuvu isipande. Ubongo huendelea kuvimba siku kadhaa baada ya ajali, kwa hiyo bado mpo kwenye kipindi kigumu. Fuvu limeachwa wazi ili ubongo ukivimba upate nafasi, usije ukakandamiza shina lake linaloendesha pumzi. Mfupa hurudishwa, au huwekwa wa bandia, baada ya wiki au miezi.

Muulize daktari damu ilivilia wapi. Ikiwa juu ya utando mgumu wa ubongo na iliwahiwa, wengi hupona vizuri. Ikiwa chini yake, mara nyingi ubongo wenyewe umeumia pia. Uliza kama mboni zote mbili zinaitikia mwanga, na lini wataanza kupunguza dawa ya usingizi. Una haki ya kujibiwa hayo.

Mpita_Njia: Mtafutie mafuta ya mitishamba mumpake kichwani, uvimbe utashuka.

NesiWaZamu: Hapana jamani! Chini ya ngozi ile hakuna mfupa. Asipakwe kitu, wala asilalie upande huo.

Mzee wa Takwimu: Ngoja niseme lisilopendeza. Kuna utafiti wa RESCUEicp uliochapishwa 2016, wa wagonjwa ambao presha ya kichwani ilikataa kushuka kwa dawa. Ndani ya miezi 6, waliofunguliwa fuvu walikufa takriban 27 kwa kila 100. Walioendelea na dawa, 49. Lakini miongoni mwa waliookolewa wapo waliobaki hawajitambui, na wapo wanaotegemea watu kwa kila kitu. Mdogo wako alifunguliwa kwa sababu ya damu, kwa hiyo namba hizo si zake. Nimezitaja ili mjue kupona kifo na kurudi kama zamani ni vitu viwili. Mama asiahidiwe cha pili.

Mama Pacha: Mume wangu alipitia haya. Alipozinduka hakunijua, akawa anatukana na kuvuta mpira wa puani. Nililia nikijua nimempoteza huku yu hai. Baadaye ndipo nikaambiwa ni hatua ambayo wengi hupitia. Leo anatembea, anaoga mwenyewe, ila anasahau na hasira ziko karibu. Fizio, yaani mazoezi ya viungo, ianze mapema, na wamgeuzegeuze asipate vidonda vya kulala.

Mleta mada: Asanteni sana. Daktari nimembana jioni: damu ilikuwa chini ya utando, mboni zote zinaitikia, dawa wataipunguza kesho kutwa picha ya CT ikiwa nzuri. Mama nimemwambia yupo hai, namna atakavyoamka hakuna anayejua bado. Ameelewa kuliko nilivyodhani. Mama Pacha, zile fujo zilidumu sana?

Mama Pacha: Wiki kadhaa, na usiku ndiyo zilizidi. Mkateni kucha mapema, mimi mikono yote ilichubuka.