Dhamana ya mdogo wangu Malindi: risiti itatoka kwa jina la nani?

Mama Twalib, Columbus

Assalaam alaykum jamaa. Mdogo wangu, yule wa bodaboda, alishikwa Malindi Ijumaa alasiri kwa ugomvi na abiria. Jumatatu akasomewa mashtaka ya kifungu 251 cha sheria ya makosa ya jinai, kumpiga mtu na kumjeruhi. Hakimu amempa bondi ya laki mbili na mdhamini mmoja wa kiasi hicho hicho, au pesa taslimu laki moja. Laki moja ninayo. Lakini binamu yetu kila akienda kaunta ya korti, kila karani anamwambia lake: huyu asema alipe aliye pale kwa simu yake, yule asema mimi nitume kopi ya kitambulisho, na changu kimepitwa na wakati. Nauliza kitu kimoja tu: hiyo risiti itatoka kwa jina la nani? Kesi ikisha nataka pesa zirudi kwangu, si kwa binamu. Nampenda, lakini namjua.

Mtoto wa Maweni, Minneapolis

Pole sana dada. Kwani lazima uweke laki nzima? Tafuta wakala wa dhamana, umpe asilimia 10, yeye atasimamia iliyobaki. Shemeji yangu aliposhikwa hapa kwa DUI, kuendesha gari amelewa, tulifanya hivyo na kaunti wakamwachilia usiku ule ule. Ila hakufika nyumbani. ICE, wale maafisa wa uhamiaji, walikuwa wameshapeleka I-247, fomu ya kuomba jela imshikilie, wakamchukua mlangoni, sisi tuko nje na koti lake mkononi na baridi ile. Ikabidi kuanza upya na jaji wa EOIR, yaani korti ya uhamiaji, na huko kima cha chini ni dola 1,500 na yeye hakupewa cha chini. Halafu anayelipa lazima awe na makaratasi yake sawa, kwa hiyo mimi nikalipa, mke wake hakuweza. Ule mkataba wa dhamana, I-352, na risiti ya I-305 ninazo kabatini mpaka leo, nasubiri I-391, ile notisi ya kufutwa dhamana, ndipo nidai pesa zangu. Usipoteze risiti dada!!

Abu Rukia, Toronto

Maweni, soma swali kabla ya kujibu. Ameuliza Malindi. Kenya nzima hakuna wakala wa dhamana, hiyo ni biashara ya huko kwenu, na hata huko si kila jimbo. Kentucky, Oregon na Wisconsin hawaitaki. Illinois waliiondoa zamani, na tangu 18 Septemba 2023 hata pesa za dhamana zenyewe hawachukui, jaji anaamua tu mtu atoke au abaki. Na ile asilimia 10 unayomshauri dada wa watu, hairudi hata kesi ikitupwa siku ya pili. Ni ujira wa wakala.

Kenya ukiweka taslimu kortini, zinarudi zote kesi ikisha, hata mshtakiwa akipatikana na hatia, mradi alihudhuria. Akikosa siku moja bila sababu, hati ya kumkamata inatoka na pesa zinaweza kwenda na maji. Kwa hiyo mama, swali la kwanza si risiti. Ni je, huyo kijana ataamka siku ya kesi?

Na hiyo Ijumaa alasiri si bahati mbaya. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema saa 24, lakini zikiishia siku ambayo korti haikai, zinasogea hadi siku ya korti inayofuata. Kila mtu kituoni anaijua hiyo hesabu. OCS, mkuu wa kituo, angeweza kumpa bondi ya polisi jioni ile ile, na bondi ya polisi ni bure. Wakidai pesa taslimu, lazima wakate risiti.

Mtoto wa Maweni, Minneapolis

Nilikuwa nasaidia tu. Si lazima kila mtu awe wakili kama wewe usiye wakili.

Mama Twalib, Columbus

Ataamka in shaa Allah, nitampigia simu mwenyewe alfajiri. Lakini risiti?

Kijana wa Langoni, London

Hapa Uingereza mambo ni mepesi. Mtu huachiliwa kwa masharti: lala nyumbani, leta pasipoti, piga ripoti kituoni. Mdhamini yuko, lakini kwa kawaida hatoi pesa siku hiyo, anaahidi tu. Na kwa ile sheria ya dhamana ya 1976, wewe ukimwambia mdhamini "usiwe na wasiwasi, akitoroka nitakulipa mimi", mmetenda kosa wote wawili. Kanada nayo ni hivyo hivyo, Abu Rukia anaijua, au?

Abu Rukia, Toronto

Naijua kabla wewe hujashuka Heathrow. Kifungu 139 cha sheria ya jinai ya huku. Haimsaidii mtu aliye rumande Malindi.

Mwalimu mstaafu, Mkomani, Lamu

Wanangu, nyinyi mko mbali, niacheni niliyekuwa kortini mwaka jana niseme. Nilimdhamini mtoto wa dada yangu. Kama pesa za taslimu ni shida, kuna njia ya mdhamini, na watu wengi wa kwetu ndiyo wanayoitumia. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya kodi), picha ndogo mbili, na mali: hati ya ardhi au logibuku ya gari. Kwa kiasi kidogo karatasi ya mshahara na barua ya mwajiri hukubaliwa. Hati ya ardhi haiendi peke yake, inataka na cheti cha upekuzi kutoka afisi ya ardhi kuonyesha haina deni, na ripoti ya mthamini. Mthamini huyo mnamlipa nyinyi.

Halafu unasimamishwa mbele ya hakimu. Niliulizwa: huyu ni nani wako? Anakaa wapi? Unajua asipokuja utalipa wewe, na ukishindwa shamba litauzwa? Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja, hati ameifunga ndani ya leso, imekaa sandukuni miaka mingi mpaka inanukia udi. Karani akaifungua, akaisoma, akairudisha. Jina ni la marehemu mumewe. Mirathi haijafanywa. Akaambiwa aende kwa kadhi kwanza. Mjukuu wake akarudishwa kwenye gari la magereza, na bibi akabaki anaikunja ile leso pole pole kwenye benchi. Kosa lenyewe ni la kuku.

Hati asilia inabaki kortini mpaka kesi iishe, huwezi kuiuza wala kukopea. Fikirini kabla ya kumsukuma shangazi.

Kijana wa Langoni, London

Mwalimu umegusa jipu. Nani Lamu ana hati? Sisi nyumba yetu ya mawe ina babu wanane ndani yake na karatasi hakuna. Mzungu alikuja na sheria ya ardhi 1908, asiyekwenda kudai kwa maandishi shamba lake likahesabiwa la Serikali ya Mfalme. Mababu zetu wakajikuta maskwota kwenye minazi waliyoipanda wenyewe, na tangu 1963 kila rais anakuja anagawa hati mbele ya kamera. Mtu wa bara akishikwa anatoa hati mfukoni. Mtu wa Pwani anakaa ndani.

Abu Rukia, Toronto

Mtu wa bara gani? Wenye hati huko ni wachache vile vile. Tusianze.

Kijana wa Langoni, London

Nani kaanza? Nimesema 1908.

Mwalimu mstaafu, Mkomani, Lamu

Ile ngome yetu hapa ilikuwa jela mpaka 1984, siku hizi watu wanafungia harusi uani. Dunia hii. Mama Twalib, kama laki moja ni nyingi, mwambie wakili aende Mahakama Kuu aombe ipunguzwe, kifungu 123 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinamruhusu jaji. Au aombe bondi ya kujidhamini mwenyewe. Kijana hana rekodi, ana makao, wamsikilize afisa wa probesheni.

Mama Twalib, Columbus

Shukran mwalimu, Allah akuweke. Laki moja si nyingi kwangu, ninayo tangu Jumatatu, imekaa kwenye simu. Shida ni mlolongo. Leo mtu mmoja pale nje ya korti kamwambia binamu ampe elfu tano "aharakishe". Nimemwambia asimpe hata shilingi, kwa sababu hakuna risiti ya elfu tano hiyo. Kuna yeyote aliyelipa akiwa nje na akarudishiwa kwa jina lake mwenyewe? Nijibuni hilo tu.

Mtoto wa Maweni, Minneapolis

Mimi ya kwangu sijarudishiwa na niko hapa hapa. By the way, nani anasafiri Desemba kupitia Mombasa? Nina dawa za mama za presha, kifurushi kidogo tu, na kurudi aniletee halua na achari ya maembe. Nitamlipia kilo.