Naomba ushauri: vihisi kwenye stoo ya dawa, Kigoma

Wakuu, habari za jioni. Natunza stoo ya dawa ya hospitali moja hapa Kigoma. Bado tunatumia leja na kadi. Juzi tumekuta katoni 2 za dripu nyuma ya rafu, muda umeshapita. Bosi karudi semina, sasa anataka roboti! Umeme wenyewe huu? Mimi nawaza tuanze na skana ya bakodi, kisha kihisi (kifaa cha kupima joto) kwenye friji ya chanjo kitume meseji joto likitoka nje ya nyuzi 2 hadi 8. Vibandiko vya RFID (vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio) husomeka bila kufungua katoni, ila maji na chuma huvisumbua, na dripu ni maji matupu. Mliowahi kufunga, mlivibandika wapi? Umeme ukikatika kumbukumbu zinabaki?