Koili inapoteza ladha kabla ya wiki kwisha: kosa ni la majimaji, la wati au la uvutaji?

Mwanamvuke

Habari zenu wanajukwaa.

Ninatumia sigara ya kielektroniki yenye tangi la mililita 5 na koili za kiwandani (vipashio vinavyogeuza majimaji kuwa mvuke), zile za wavu, zenye ukinzani wa omu 0.2, na ubavuni mwake pameandikwa kwamba zifanye kazi kati ya wati 50 na 70. Mimi huziweka kwenye 65. Siku za mwanzo ladha huwa kamili, kisha utamu hufifia, mvuke huanza kukwaruza koo, na kabla ya wiki kwisha kila pafu ninalovuta linaacha harufu ya kitu kilichoungua, hata kama tangi limejaa. Majimaji ninayoyapendelea ni ya ladha ya kastadi na karameli, yenye asilimia 70 ya gliserini na 30 ya propilini glikoli.

Ushauri ninaoupata unapingana. Wapo wanaosema nipunguze wati, wapo wanaosema koili ioshwe kwa maji ya moto na kukaushwa, na wapo wanaodai kwamba koili za siku hizi ni mbovu tu. Ningependa kuelezwa sababu, kwa kuwa nikiijua sababu nitaweza kuamua mwenyewe lipi nilifanye na lipi niliache.

PambaNyeupe

Ndugu Mwanamvuke, koili iliyokufa usiitupe kabla hujaipasua. Ganda la nje la koili nyingi hufunguka kwa koleo dogo, na ndani utakuta vitu viwili vya kutazamwa kila kimoja peke yake: wavu wa chuma, na pamba iliyouzunguka. Nasema hivi kwa sababu koili hufa kwa njia kuu mbili, na ingawa mwishowe zote mbili huleta ladha ya kuungua, tiba zake hazifanani.

Njia ya kwanza ni kuungua kwa pamba. Pamba ndiyo inayopeleka majimaji kwenye chuma, na chuma kikipata moto upesi kuliko majimaji yanavyoweza kufika, sehemu ya pamba inayokigusa hukauka na kubabuka. Pamba iliyobabuka haiponi, hata ulijaze tangi mara ngapi. Koili iliyokufa hivyo utaikuta na madoa meusi mahali pamoja au pawili, yenye kingo zinazoonekana wazi, huku pamba ya pembeni ikiwa bado nyeupe.

Njia ya pili ni ukoko. Hapa chuma chenyewe ndicho kinachofunikwa na tabaka jeusi, gumu, linalong'aa, na pamba yote hugeuka kahawia bila doa maalumu. Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzijoto 188 za Selsiasi na gliserini kwenye 290, na vyote viwili huondoka vikiwa mvuke. Sukralosi, ambayo ndiyo kiongeza utamu kinachotiwa katika majimaji mengi ya ladha za vitindamlo, haina tabia hiyo: huvunjika na kuwa makaa muda mrefu kabla gliserini haijachemka. Kila unapobonyeza kitufe kiasi kidogo cha makaa hayo hubaki juu ya wavu, na safari inayofuata chuma hulazimika kuyapasha makaa kwanza ndipo kiyafikie majimaji. Ladha hufifia hapo, kwa sababu unachokionja si kastadi tena bali mabaki yake ya jana yanayopashwa upya.

Usiihukumu chupa kwa rangi peke yake. Ni kweli kwamba majimaji yaliyokoza rangi, hasa yale yanayotengenezwa kwa kuloweka tumbaku halisi, huacha mabaki mengi hata yasipotiwa kiongeza utamu chochote. Lakini nikotini nayo hugeuka kahawia ikipigwa na mwanga na hewa, na sukralosi haina rangi kabisa, kwa hiyo yapo majimaji maangavu yanayoziba koili upesi kuliko yale meusi.

Pasua, tazama, kisha tueleze ulichokikuta.

Omu_na_Volti

Kuhusu kupasua tuko pamoja. Nisichokubali ni desturi ya kuitupia sukralosi lawama zote huku mtu anaendesha koili karibu na ukomo wake wa juu. Kiwango kilichoandikwa ubavuni ni mipaka ya uvumilivu wa koili, na mahali pazuri pa kuvutia mara nyingi ni upande wa chini wa mipaka hiyo au katikati yake.

Tufanye hesabu. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti, kisha kugawanya kwa omu. Koili yako ya omu 0.2 kwenye wati 65 inapata volti 3.6 na mkondo wa ampea 18. Ukishuka hadi wati 52, volti zinakuwa 3.2 na mkondo ampea 16 hivi. Kwa macho tofauti hiyo ni ndogo, lakini joto linalozalishwa kila sekunde limepungua kwa moja ya tano, na pamba ndiyo inayofaidika. Mvuke utakuwa na uvuguvugu kidogo, jambo ambalo wengine hawalipendi, ila ladha za kastadi kwa maoni yangu husikika vizuri zaidi zisipopashwa sana.

Kuna na mwendo wa uvutaji. Gliserini ni nzito, na kwa uwiano wa 70 kwa 30 majimaji hupenya pamba polepole, polepole zaidi kukiwa na baridi. Ukivuta pafu la pili papo hapo unatumia pamba ambayo haijajaa tena, na la tatu linaikuta karibu kavu. Nusu dakika ya kusubiri kati ya pafu na pafu huokoa koili nyingi kuliko dawa yoyote inayouzwa.

Halafu tundu la hewa. Hewa inayopita juu ya wavu huupoza na kuubeba mvuke, kwa hiyo anayeliziba tundu nusu ili ladha iwe nzito, bila kugusa wati, ameipandisha koili joto bila kujua. Ukitaka hewa kidogo, punguza wati pia. Wala usiyaache majimaji yashuke chini ya vitundu vya koili, hata kama yanaonekana bado yapo ya kutosha mivuto michache.

Jambo moja si la ladha. Mwaka 2015 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya watafiti waliokuta viambata vinavyobeba formaldehaidi katika mvuke wa kifaa kilichoendeshwa kwa volti 5.0, na wasivikute kilipoendeshwa kwa volti 3.3. Watafiti wengine walipinga kwamba kifaa kile kikiwekwa kwenye volti 5.0 kilikuwa kinaunguza majimaji kiasi ambacho mvutaji wa kweli asingekivumilia. Ubishi huo ulihusu mazingira ya jaribio. Kwamba majimaji yakipashwa kupita kiasi huzalisha formaldehaidi, hilo halikuwa na mbishi. Kwa hiyo koili ikianza kunuka kuungua, itoe siku hiyo hiyo, usiivumilie mpaka chupa iishe.

Mwanamvuke

Nawashukuru. Nimeipasua. Pamba ni ya kahawia kote na imekoza zaidi mahali ilipogusana na wavu. Doa jeusi lenye kingo ni moja tu, dogo, karibu na ukingo wa juu. Wavu wenyewe ndio ulionishangaza: matundu ya katikati yamezibwa kabisa na kitu cheusi kinachong'aa, ambacho nikikikwangua kwa ukucha kinabanduka vipande vipande, ilhali matundu ya kingoni bado yako wazi.

Je, ukoko huu unaosheka? Na inanilazimu kuyaacha majimaji matamu moja kwa moja?

PambaNyeupe

Koili yako imeuawa na ukoko. Wavu hupata moto zaidi katikati, na ndiyo maana matundu ya katikati yametangulia kuziba. Lile doa la juu ni suala jingine, na dhana yangu ni kwamba lilipatikana siku ya kwanza, kabla pamba haijalowa yote. Koili mpya ipe matone machache kwenye kila kitundu cha ubavuni na mengine juu ya pamba inayoonekana ndani, bila kuyamimina katika bomba la katikati, kwa sababu yakijaa humo utasikia mgugumio na majimaji yatakurukia mdomoni. Kisha jaza tangi na usubiri. Dakika 10 zinatosha kwa majimaji mepesi. Kwa ya 70 kwa 30 mimi hungoja robo saa. Anza kwenye wati 50 na upande kidogo kidogo hadi ladha itulie, kisha hapo usipande tena.

Kuosha kunawezekana, lakini sikushauri. Maji ya moto huondoa majimaji yaliyobaki na sehemu ya utamu ambayo bado haijaungua, ila makaa hayayeyuki katika maji, na pamba ya kahawia haitarudi kuwa mpya. Itakubidi uikaushe kwa siku nzima, na ikibaki na unyevu itatema maji ya moto. Unachokipata ni muda mfupi wa ladha ya wastani. Na wale wanaoshauri koili ya kiwandani iwashwe bila majimaji ili ukoko uungue wasisikilizwe kabisa: pamba iko ndani, na itaungua pamoja nao.

Kuhusu majimaji, huna haja ya kuyaacha. Yapunguze kwa kimiminika kisicho na ladha, chenye uwiano uleule wa gliserini na propilini glikoli. Ukichanganya nusu kwa nusu, kiongeza utamu kinachofika kwenye wavu kinakuwa nusu, na ukoko hujengeka taratibu zaidi. Ladha itakuwa nyepesi, hilo nalikiri, lakini itakuwa ileile kwa siku nyingi badala ya kuwa kali leo na kufa keshokutwa. Wapo pia wanaotenga tangi moja kwa ajili ya vitamu na jingine kwa majimaji yasiyotiwa sukralosi, ambalo ndilo la kutwa nzima. Ila usijaribu kuongeza ladha za jikoni zenye mafuta. Mafuta hayana kazi katika mapafu.

FundiWaWaya

Nichangie kwa ufupi upande ambao haujaguswa. Matangi ya kujijengea koili yanaruhusu kile ambacho koili ya kiwandani inakataa: unaitoa pamba, unauwasha waya mtupu kwa wati chache mpaka ukoko uwe majivu, unauacha upoe, unausugua kwa brashi chini ya maji, kisha unatia pamba mpya. Waya wa kantali au nikromu (aloi za kupashia moto) huvumilia hilo mara nyingi, na wa chuma kisichoshika kutu pia, mradi usiuache uive hadi kuwa mwekundu sana; wa nikeli au titani usiwashwe mkavu hata kidogo. Pamba ipite ndani ya koili kwa ugumu kidogo: ikisongamana majimaji hayapiti, ikilegea tangi linavuja. Asiyekuwa na kipimo cha omu, au asiyejua betri yake inavumilia ampea ngapi, abaki na koili za kiwandani.

Kama kifaa chako kina udhibiti wa joto, koili ya chuma kisichoshika kutu itakufaa. Ukinzani wake hupanda kadiri inavyopata moto, kifaa husoma upandaji huo na kupunguza nguvu pamba inapoanza kukauka. Kantali haibadiliki vya kutosha kusomeka. Hata hivyo udhibiti huu unazuia pamba kuungua tu; ukoko wa sukralosi utaendelea kujengeka kama kawaida.

Mwanamvuke

Nitaanza na wati 52 na mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Majimaji yangu yana miligramu 3 za nikotini kwa mililita. Je, kiwango hicho kitabaki?

Omu_na_Volti

Hakitabaki. Ukichanganya na kimiminika kisicho na nikotini, utapata miligramu 1.5, na wengi wakishapunguziwa hivyo hujikuta wanavuta mara nyingi zaidi bila kutambua, jambo ambalo litairudisha pamba kwenye ukavu ule ule tunaoukimbia. Tafuta kimiminika kisicho na ladha chenye miligramu 3 tayari. Vaa glavu unapochanganya, kwa kuwa nikotini hupenya ngozi, na chupa zote ziwekwe mahali pa giza ambapo mtoto hafiki.